Ipyana: Shule Iliyoanza na Lugha ya Mtoto

Wamisionari Wamoravia walifika Rungwe mwaka 1891. Kufikia 1894 walikuwa wameteremka na kufungua kituo Ipyana, katika tambarare ya Kyela ambako mito hufurika kila masika. Misheni ya Berlin nayo ilikuwa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa karibu na Matema. Historia ya shule zao husimuliwa zaidi kwa majengo na majina ya wamisionari. Kwangu, kiini chake ni uamuzi mmoja: mtoto wa Kinyakyusa, wa kiume na wa kike, afundishwe kusoma kwa Kinyakyusa ili alisome Neno mwenyewe. Maadili mengine yote ya shule, kuanzia nidhamu hadi upendo kwa jirani, yaliegemea hapo. Imani hiyo ilitoka mbali. Jan Amos Komenský, askofu wa Umoja wa Ndugu ambao Wamoravia wanajihesabu warithi wake, alichapisha mwaka 1658 kitabu cha picha kwa watoto: kila kitu kilichochorwa kina namba, na pembeni maelezo kwa Kilatini na kwa lugha ya nyumbani. Wamisionari waliifuata njia hiyo, na Agano Jipya kwa Kinyakyusa likatoka mwaka 1908, wakati shule za serikali ya Kijerumani pwani zikiandaa makarani na maakida kwa Kiswahili.

Wapo wanaosema lugha ya mama iliwafungia watoto nje ya ajira. Hoja ina uzito, kwani ukarani ulidai Kiswahili, baadaye Kiingereza. Lakini tazama mwaka 1916, jeshi la Waingereza lilipoiteka nchi na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Ushirika haukufa. Waskoti wa Livingstonia walisaidia kuusimamia, ila mzigo wa kila siku ulibebwa na walimu na wazee wa hapa hapa, watu waliokuwa na kitabu mkononi na hawakuhitaji mkalimani. Shule ya makarani isingewaandaa kwa hilo. Hata Waanglikana, walioweka makao Likoma kusini zaidi, waliona vivyo hivyo kwamba kazi itasimama kwa mwalimu mwenyeji: meli yao Chauncy Maples, iliyoshushwa ziwani mwaka 1901, ilikusudiwa pia kuwa chuo cha walimu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba shule ilivunja nyumba za watu. Wavulana kukaa pamoja shuleni halikuwa jambo geni, maana kwa desturi vijana wa rika moja walitoka kwa wazazi na kujenga kijiji chao. Ila kanisa lilidai ndoa ya mke mmoja palipokuwa na heshima ya ng'ombe na wake wengi, na mke aliyeachwa ili mume abatizwe alilipa gharama ambayo hakuichagua. Hilo lilikuwa dhuluma, na sherehe yoyote ya kumbukumbu ya shule hizo isilifiche.

Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ilizitwaa shule za misheni. Vipindi vya dini vilibaki, lakini msingi wa Ipyana haukurudi darasani, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa lugha ya shule ya msingi nchi nzima. Silaumu taifa kutafuta lugha moja. Nalilaumu kanisa likijisifu kwa nidhamu na usafi wa shule zake za zamani huku likinyamazia lugha, ilhali wapo watoto wa Kyela wanaoingia darasa la kwanza wakiwa na Kinyakyusa tu kinywani. Kwao kanisa lina vitabu, lina wasomaji, na lina shule za Jumapili ambazo hakuna sheria iliyozitwaa.