John Peel: Redio, Mpira na Kaseti za Wasikilizaji

Utangulizi

Mjomba wangu wa Buyenzi, mjini Bujumbura, alikuwa na redio kaseti moja na sanduku la kaseti alizonasia muziki kutoka redioni. Vita vilipokuja familia ilihama, sanduku likabaki nyumbani. Waliporudi halikuwepo. Leo ukimuuliza ni bendi zipi zilizokuwa zikipigwa siku zile, atakuimbia kipande cha wimbo, atakuigia hata gita kwa mdomo, lakini jina la bendi na mwaka vimemponyoka. Kwa mwanafunzi wa historia hilo si jambo dogo. Mapenzi ya muziki yalikuwepo, ushahidi wake haupo.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu insha hii inamhusu mtu ambaye mapenzi yake yamehifadhiwa kwa wingi usio wa kawaida. Mtu huyo ni John Peel, mtangazaji wa redio wa Uingereza aliyeishi kati ya 1939 na 2004. Alipenda muziki unaopigwa na watu walio hai mbele ya kipaza sauti, akapenda mpira wa miguu, na baada ya kifo chake yote mawili yakaingia katika dunia ya tatu, yaani intaneti. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya historia yake iliokolewa na watu wa kawaida waliobonyeza kitufe cha kurekodi vyumbani mwao, na kwamba somo hilo linatuhusu sisi wa Maziwa Makuu kuliko tunavyodhani.

Kutoka pamba hadi redio

Jina lake la kuzaliwa ni John Robert Parker Ravenscroft. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1939 huko Heswall, ng'ambo ya mto kutoka jiji la Liverpool, siku chache kabla ya Uingereza kuingia katika Vita Vikuu vya Pili. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pamba. Mwaka 1960, baada ya kumaliza utumishi wa jeshi, kijana huyo alikwenda Texas, Marekani, kufanya kazi katika biashara hiyohiyo. Pamba haikumshika. Aliangukia redioni mjini Dallas, na mwaka 1964, wakati Beatles walipoiteka Marekani, kijana yeyote aliyetoka pande za Liverpool aligeuka lulu. Peel aliitumia nafasi hiyo.

Mwaka 1967 alirudi Uingereza na kujiunga na Radio London, kituo kilichotangaza kutoka kwenye meli baharini. Vituo vya namna hiyo viliitwa vya maharamia kwa sababu havikuwa na leseni. Serikali ilitunga sheria ya kuvibana, na Radio London ikazimwa tarehe 14 Agosti 1967. Tarehe 30 Septemba mwaka huohuo BBC ikafungua Radio 1 na kuwachukua watangazaji kadhaa wa meli zile. Wenzake waliondoka mmoja baada ya mwingine. Peel alibaki miaka 37, hadi kifo kilipomtoa.

Kizuizi kilichozaa muziki

Katika miaka ile BBC haikuruhusiwa kupiga santuri kutwa nzima. Chama cha wanamuziki kilihofu kwamba santuri zikipigwa bila kikomo, wapigaji watakosa kazi. Kwa hiyo kulikuwa na makubaliano yaliyoweka kikomo cha saa ambazo santuri za biashara zingeweza kupigwa hewani. Saa zilizobaki zilipaswa kujazwa na wanamuziki wenyewe wakipiga studioni.

Watangazaji wengi waliliona sharti hilo kama mzigo. Kwa Peel likawa mlango. Bendi iliitwa studio, mara nyingi zile za Maida Vale jijini London, ikarekodi kwa kawaida nyimbo nne ndani ya siku moja, na kazi ya kuchanganya sauti ikamalizika siku hiyohiyo. Hapakuwa na muda wa kulainisha kila kosa. Kilichosikika kilikuwa karibu sana na bendi yenyewe ikiwa jukwaani. Hadi mwisho, rekodi hizo zilizidi 4,000, kutoka kwa wanamuziki na bendi zaidi ya 2,000. Bendi ya The Fall peke yake ilirekodi mara 24.

Kwa bendi isiyo na mkataba wala fedha, siku hiyo moja ilikuwa na thamani kubwa: ililipwa, ilirekodiwa na mafundi wazuri, na ilisikika nchi nzima. Mwaka 1978 kundi la vijana wa Derry, The Undertones, lilitoa wimbo uitwao "Teenage Kicks". Peel aliupiga, ulipokwisha akaupiga tena papo hapo. Huo ulibaki kuwa wimbo aliousifu kuliko zote hadi kufa kwake.

Anfield ndani ya majina

Mpira haukuwa burudani ya pembeni kwake. Alipomwoa Sheila mwaka 1974 alivaa nyekundu, rangi ya Liverpool. Watoto wao walipozaliwa, majina ya kati yalitoka uwanjani: Anfield, Dalglish, Shankly. Kwetu mtoto hupewa jina la babu ili ukoo usipotee. Peel alifanya vivyo hivyo, ila ukoo wake ulikuwa klabu.

Lakini mapenzi ya mpira yalimpeleka pia kwenye msiba. Tarehe 29 Mei 1985 alikuwa uwanjani Heysel, Brussels, katika fainali ya Kombe la Ulaya kati ya Liverpool na Juventus, ambapo watu 39 walikufa, wengi wao Waitalia, baada ya mashabiki wa Liverpool kuwavamia wenzao na ukuta kuporomoka. Miaka minne baadaye, tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Idadi ya waliokufa sasa inahesabiwa kuwa 97. Katika kipindi chake baada ya Hillsborough, Peel alipiga wimbo wa klabu hiyo kama ulivyoimbwa na Aretha Franklin. Hapo tunaona kwa nini haifai kuyatenganisha mapenzi yake mawili. Msiba wa mpira ulipomzidi maneno, alichokuwa nacho mkononi ni santuri.

Afrika katika kipindi cha usiku

Peel hakuishia kwa bendi za Uingereza. Katika miaka ya 1980 yeye na mtangazaji mwenzake Andy Kershaw walizipigania bendi za Zimbabwe, kwanza Bhundu Boys, kisha Four Brothers. Alipotimiza miaka 50 mwaka 1989, bendi iliyotumbuiza katika sherehe yake ilikuwa Four Brothers. Alipiga pia nyimbo za Kanda Bongo Man na gita la Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani, mji ambao Kiswahili na Lingala vinakutana sokoni. Wanamuziki hao wa Kongo walikuwa wakifanya kazi Paris, na kwa njia hiyo muziki ambao wazazi wetu waliuchezea arusini ulifika vyumbani mwa vijana wa Uingereza waliosubiri bendi za panki.

Safari hiyo ilikuwa na njia ya kurudi. Kwa miaka mingi Peel alikuwa na kipindi katika idhaa ya dunia ya BBC, iliyosikika kwa masafa mafupi hata barani kwetu.

Kaseti, kisha intaneti

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Redio haikai. Neno likishatamkwa limepotea, labda mtu alinase. BBC katika miongo ya mwanzo ilifuta kanda nyingi za vipindi vyake ili zitumike tena, kwa sababu kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani kwamba burudani ni historia. Rekodi nyingi za studioni zilitunzwa, lakini vipindi vizima vya Peel, pamoja na maneno yake, vichekesho vyake na hata santuri alizozipiga kwa mwendo usio sahihi, havikutunzwa vyote.

Waliovitunza ni wasikilizaji. Mwanafunzi wa Manchester, fundi wa Berlin, kila mmoja na redio kaseti yake, walinasa vipindi usiku na kuandika majina ya nyimbo kwenye karatasi ya kaseti. Hawakufanya hivyo kwa ajili ya historia. Walitaka kuusikia wimbo tena kesho.

Intaneti ilipoenea, kaseti hizo zilitoka chini ya vitanda. Wasikilizaji walizigeuza kuwa mafaili, wakayaweka mtandaoni, wakaandika orodha ya nyimbo za kila kipindi na kusahihishana tarehe. Mwaka 2012 orodha ya sehemu ya maktaba yake ya santuri iliwekwa mtandaoni, santuri 100 za kwanza kwa kila herufi. Maktaba nzima ilikuwa na takriban santuri kubwa 26,000 na ndogo 40,000. Peel mwenyewe alikuwa ameziandikia kadi kwa taipureta, na kadi hizo zikawa ufunguo wa wahifadhi.

Kivuli

Hifadhi kubwa haimfanyi mtu kuwa malaika, na mwanahistoria anayempenda mtu wake ana wajibu wa kusema hata yasiyopendeza. Ndoa ya kwanza ya Peel, Texas mwaka 1965, ilikuwa na msichana wa miaka 15. Peel alidai kwamba alidanganywa kuhusu umri wake. Baadaye yalijitokeza madai mengine kuhusu mwenendo wake kwa wasichana wadogo, na mwaka 2012 baadhi ya watu walihoji kama inafaa jengo la BBC libebe jina lake. Jukwaa la tamasha la Glastonbury lililokuwa na jina lake tangu 2005 lilibadilishwa jina mwaka 2023.

Je, hilo linafuta yaliyotangulia? Sidhani. Linatukumbusha kwamba kuhifadhi na kusifu si kitu kimoja. Kazi ya hifadhi ni kutuwezesha kuhukumu. Asiye na kaseti hawezi kusifu wala kulaumu. Hubaki na uvumi tu.

Hitimisho

Peel alifariki ghafla tarehe 25 Oktoba 2004 akiwa Cusco, Peru. Hakuiona Liverpool ikitoka nyuma kwa mabao 3 na kutwaa Kombe la Ulaya mjini Istanbul tarehe 25 Mei 2005, miezi saba kamili baadaye. Lakini mtu yeyote leo anaweza kumsikia akizungumzia mechi iliyochezwa kabla msikilizaji huyo hajazaliwa, kwa sababu mtu fulani asiyejulikana alikuwa na kaseti tupu usiku ule.

Sisi tunasema mali bila daftari huisha bila habari. Muziki nao ni mali. Katika Buyenzi, Kamwokya, Nyamirambo na Bukavu bado kuna wazee wenye kaseti ndani ya mifuko ya plastiki, na kila msimu wa mvua zinaharibika zaidi. Hatuhitaji taasisi kubwa ili tuanze. Tunahitaji redio kaseti inayofanya kazi, waya mmoja, simu, na uvumilivu wa kumuuliza mzee: huyu ni nani, na mwaka gani?

Mjomba amenitajia bendi sita anazozikumbuka. Mbili kati ya hizo jirani yake anabisha, anasema si za miaka ile. Nimeyaandika majina yote sita, na ubishi wao pia.