Je, Kiwanja Hukimbia? Kutoka Christchurch hadi Rieti, na Nyasi za Busale

Ipo imani ya siku nyingi miongoni mwa watu wa riadha ya kwamba viwanja vya mbio havina tabia moja. Kwamba kiko kiwanja ambacho mwanariadha akikikanyaga hujihisi mwepesi, na saa ikisimamishwa mwisho wa mita 800 au 1500 huonyesha muda ambao yeye mwenyewe hakuutarajia, na kiko kingine ambacho hata hodari wa mahodari hutoka ameinamisha kichwa. Kwa mtu wa Busale, wilayani Kyela, ambako njia ya mbio ya shule ni nyasi zilizofyekwa na mistari ya chokaa au majivu, swali hili si la anasa, kwani muda ulioandikwa hapa daftarini utakuja kulinganishwa na muda ulioandikwa Tukuyu au Mbeya, na mwalimu atalazimika kuamua ni mtoto yupi aliye mwepesi na ni kiwanja kipi kilichomsaidia.

Mtanzania anayetaka kulipima jambo hili ana ushahidi wake mwenyewe. Tarehe 2 Februari 1974, katika uwanja wa Queen Elizabeth II Park mjini Christchurch, New Zealand, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana wa Karatu aitwaye Filbert Bayi, ambaye hakuwa ametimiza miaka 21, aliingia katika fainali ya mita 1500 pamoja na John Walker na Rod Dixon, wenyeji wa nchi ile, na Ben Jipcho wa Kenya, aliyekwisha kushinda mita 5000 na mbio za kuruka viunzi na maji katika michezo hiyo hiyo. Desturi ya zama zile ilikuwa kuviziana: wakimbiaji huenda pamoja mizunguko miwili kwa mwendo wa wastani, kila mmoja akimtazama mwenziwe kwa jicho la pembeni, kisha hufumuka katika mita 300 za mwisho. Bayi hakuifuata desturi hiyo. Mlio wa bastola haujapoa masikioni naye yuko mbele, akazidi kwenda, akavuka mita 800 kwa takriban dakika 1 na sekunde 52, akiwa ameacha nyuma yake pengo la kuwatia wasiwasi wale waliodhani kwamba atachoka. Hakuchoka. Walker alimkaribia katika mkondo wa mwisho hata ikaonekana kwamba angemshika, walakini Bayi alifika wa kwanza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia, naye Walker akapata 3:32.52. Wote wawili walikuwa wameivunja rekodi ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, iliyodumu tangu ilipowekwa mjini Los Angeles mwaka 1967. Na Jipcho, aliyekuwa wa tatu kwa 3:33.16, alikuwa amekaribia kuigusa.

Hapo ndipo mwenye kushuku hupata mwanya wa kusema. Watu wawili kuivunja rekodi katika mbio moja, na wa tatu kuikaribia hivyo, je, si dalili kwamba kiwanja chenyewe kilikuwa na siri? Fauka ya hayo, katika michezo ile ile Mkenya John Kipkurgat alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.9, ilhali rekodi ya dunia wakati huo, ya Marcello Fiasconaro wa Italia, ilikuwa 1:43.7. Hoja hii ina uzito, wala sipendi kuipuuza. Njia ya Christchurch ilikuwa mpya na ya kisasa, nayo bila shaka haikumzuia mtu. Lakini kutomzuia mtu ni jambo moja, na kumbeba ni jambo jingine, na dalili ya pili imo katika mji huo huo.

Miaka kumi na miwili kabla ya Bayi, tarehe 3 Februari 1962, Peter Snell wa New Zealand alikimbia mita 800 mjini Christchurch, katika uwanja wa Lancaster Park, kwa dakika 1 na sekunde 44.3, akaweka rekodi ya dunia; naye hakukimbia juu ya mpira wala changarawe, alikimbia juu ya nyasi. Wiki moja kabla yake, tarehe 27 Januari, alikuwa amevunja rekodi ya maili mjini Wanganui kwa 3:54.4, nako pia juu ya nyasi. Rekodi ile ya mita 800 ilikaa hata Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, michezo ya kwanza ya Olimpiki kukimbiwa juu ya sakafu ya tartani, yaani ya mpira wa kutengenezwa, ambapo Mwaustralia Ralph Doubell aliifikia, hakuipita: sakafu mpya ya kimataifa ikatoa muda ule ule uliokwisha kutolewa na nyasi. Msomaji wa Busale, ambaye pengine amesikia mara nyingi kwamba nyasi ni udhuru wa walioshindwa au ni kisa cha unyonge wa riadha ya shule zetu, na aishike hesabu hii.

Kweli Mexico ilikuwa na kizuizi chake, kwa sababu mji ule uko karibu mita 2240 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huko, inayowasaidia wakimbiaji wa mita 100 na 200 kwa kuwapunguzia upinzani, huwanyima pumzi wale wanaokimbia zaidi ya mizunguko miwili. Na ndiyo maana ushindi wa Kipchoge Keino katika mita 1500 za mwaka ule, 3:34.91, ni wa kustaajabisha kuliko tarakimu zake zinavyoonyesha.

Tukihamia Ulaya tunakuta miji miwili ambayo majina yake yamekuwa kama hirizi. Oslo, katika uwanja wa Bislett ambako watazamaji hukaa karibu mno na njia, Henry Rono wa Kenya aliweka rekodi ya mita 3000 mwaka 1978, Sebastian Coe wa Uingereza akavunja za mita 800 na maili mwezi Julai 1979 kwa siku kumi na mbili tu baina yake, na Steve Cram akaishusha ya maili hadi 3:46.32 mwaka 1985. Rieti, mji mdogo wa Italia uliomo katika bonde lenye milima, una sifa kubwa zaidi, kwani huko rekodi za dunia ziliwekwa na Steve Ovett, 1983; Noureddine Morceli wa Algeria, 1992 na 1993; Daniel Komen, mita 3000 kwa 7:20.67, mwaka 1996; Noah Ngeny, mita 1000, mwaka 1999; na David Rudisha, mita 800 kwa 1:41.01, tarehe 29 Agosti 2010. Nao mji huu, kwa bahati, uko takriban mita 400 juu ya bahari, mwinuko usiopishana sana na ule wa bonde la Kyela. Ikiwa hewa ndiyo siri ya Rieti, basi sisi wa Kyela tumeifunika siri hiyo kwa mpunga na kakao muda mrefu mno.

Siri yenyewe ni ya watu. Mashindano ya Rieti yalikuwa yakifanyika mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, wakati ambapo mwanariadha amekwisha kupata mashindano ya kutosha miguuni na michuano mikubwa ya mwaka aghalabu imekwisha, hana tena wa kumwogopa isipokuwa saa. Waandaaji walikuwa wakiwaalika wachache waliokuwa tayari, wakawawekea mbele yao wakimbiaji wa kulipwa ambao kazi yao ni kutangulia kwa kasi iliyoagizwa kisha kutoka kiwanjani. Siku saba kabla ya Rieti, Rudisha alikuwa amekimbia 1:41.09 mjini Berlin. Afya yake ilisafiri naye, wala haikumsubiri Italia. Na kadiri sifa ya mji ilivyozidi kuenea, ndivyo waliokuwa katika siha njema walivyouendea, na kila aliyeuendea akauongezea sifa.

Sisemi kwamba sakafu haina athari. Kanuni za leo zinataka sakafu ya mbio ipunguze kishindo cha mguu kwa asilimia 35 hadi 50, nao upana huo una nafasi ya mwepesi na mzito. Upepo una hila yake, kwa kuwa ukiupokea usoni upande mmoja hukunyang'anya zaidi ya unachorudishiwa upande wa pili. Kwa hiyo uwanja wenye majukwaa marefu, kama ule wa Monaco, huwa na rehema kidogo. Siku hizi zimeongezwa taa za pembeni zinazowaka zikifuatana kwa kasi ya rekodi, na ndizo zilizokuwa mbele ya Joshua Cheptegei wa Uganda mjini Monaco mwezi Agosti 2020.

Kwangu mimi mizani ya haki ni mbio zisizokuwa na mtu wa kulipwa mbele. Rudisha huyo huyo, katika fainali ya Olimpiki mjini London mwaka 2012, aliongoza toka mwanzo hata mwisho akapata 1:40.91, akiuzidi muda wake wa Rieti. Bayi naye, aliyeongoza Christchurch, alikwenda Kingston, Jamaika, nchi inayojulikana kwa wakimbiaji wa mbio fupi, na tarehe 17 Mei 1975 akaongoza tena na kuvunja rekodi ya maili kwa 3:51.0. Viwanja viwili vilivyo mbali kama hivi havikuwa na jambo moja la pamoja isipokuwa mtu huyu na namna yake ya kukimbia, na rekodi yake ya mita 1500 haikuvunjwa hata Agosti 1979.

Kiwanja cha shule kina hatari nyingine iliyo kubwa kuliko yote hayo, nayo ni futi kamba. Njia isiyo na ukingo hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa ndani. Aliyepima mita 400 akitembea mita moja nje ya mstari huo amewapunguzia wakimbiaji takriban mita 5 kila mzunguko, na katika mita 1500 karibu mita 19, ambazo kwa mtoto wa dakika nne na nusu ni zaidi ya sekunde tatu. Na Walker alimkosa Bayi kwa sekunde 0.36. Kisha mtoto huyo akipandishwa Mbeya, mji ulio kiasi cha mita 1700 juu ya bahari, akakimbia njia iliyopimwa sawasawa katika hewa nyembamba, atarudi na muda mbaya zaidi ya ule wa nyumbani, na watu watasema amelegea. Mwalimu wake na apime upya mzunguko wa Busale kabla ya kumkemea.