Nguruwe wa Denmark na Kizimba cha Chuma

Katika vijiji vyetu vingi nguruwe hula maganda ya mihogo, hulala kivulini, na kila mtu hujua ni wa nani. Zamani Ulaya nayo ilikuwa hivyo. Leo huko nguruwe maelfu hukaa chini ya paa moja, na wengi hawaoni jua mpaka siku ya kupelekwa machinjioni. Mageuzi hayo yalitoka wapi? Tutazame nchi ndogo ya Denmark.

Mwaka 1882 wakulima wa Hjedding waliungana, wakaanzisha kiwanda chao cha maziwa. Upesi vyama vya namna hiyo vikaenea nchini. Viwanda vilitoa siagi, na maziwa yaliyobaki yalirudi kwa wakulima, nao wakawapa nguruwe. Mwaka 1887 Ujerumani ikakataza nguruwe hai wa Denmark wasiingie kwake. Je, wakulima walikaa wakilia? Hapana. Mwaka ule ule, mjini Horsens, walifungua machinjio ya ushirika, wakatia nyama chumvi na kuiuza Uingereza. Tena wakachagua nguruwe wa mwili mrefu, maana Waingereza walipenda nyama isiyo na mafuta mengi. Hivyo mkulima mdogo akapata fedha. Jambo hilo twalisifu.

Lakini baada ya vita vya 1939-1945, kazi ya kufuga nguruwe iligeuka katika nchi nyingi za Ulaya. Yakajengwa mazizi makubwa, yenye sakafu ya saruji iliyoachwa nafasi nyembamba za kupitisha mavi. Nguruwe jike akafungwa katika kizimba cha chuma wakati wa mimba, ambayo ni siku 114 hivi, asiweze hata kugeuka. Watoto wake huachishwa maziwa baada ya majuma 4 hivi. Wakifikia miezi 6 na kilo 110 hivi, huchinjwa. Nyama ikawa nyingi, bei ikashuka. Kumbe nguruwe ni mnyama mwenye akili, na pua yake yataka kuchimbua. Asipopata cha kuchimbua, huuma mikia ya wenzake. Wafugaji wengi wakakata mikia, wasiondoe sababu.

Mwaka 1964 mama mmoja wa Uingereza, Ruth Harrison, alitoa kitabu kuonyesha mateso ya wanyama wa namna hiyo. Watu wakashtuka. Serikali ikaunda tume chini ya Bwana Brambell, nayo mwaka 1965 ikasema kila mnyama apate nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyosha viungo. Mambo madogo kabisa! Walakini ilipita miaka 34 kabla Uingereza haijakataza vizimba vile, mwaka 1999. Nchi za Umoja wa Ulaya, pamoja na Denmark, zilifuata mwaka 2013. Hata hivyo sheria yao imeruhusu kizimba majuma 4 ya kwanza ya mimba na wakati wa kuzaa.

Basi tujifunze nini? Zizi lenyewe si baya: humkinga nguruwe na magonjwa, tena hulikinga shamba la jirani na nguruwe! Umoja uliwainua wakulima wa Denmark. Ubaya ulianza mnyama alipohesabiwa kama chombo cha kiwanda. Sisi tunaotaka kufuga kwa faida tuige umoja wao. Na tunapojenga zizi, kwanza tupime nafasi ya nguruwe kugeuka, tumtandikie majani makavu achimbue, kisha ndipo tuhesabu fedha.