Meroe: Dola Iliyotuachia Maandishi

Itajwapo habari ya ustaarabu wa kale wa Afrika, aghalabu fikira hukimbilia Misri na kukomea huko. Lakini kusini ya Misri, katika nchi iitwayo leo Sudan, palikuwa na dola ya Kushi, ambayo urithi wake wamhusu sana mwanafunzi wa lugha za Kiafrika.

Chimbuko lake lilikuwa Kerma, mji uliostawi baina ya mwaka 2500 na 1500 K.K. hivi. Misri iliuteka, ikaitawala nchi hiyo kwa karne kadhaa. Nguvu za Misri zilipofifia, wafalme wapya waliinuka Napata, chini ya mlima Barkal. Mnamo mwaka 728 K.K. hivi, mfalme Piye aliufuata mto Nile hadi kaskazini akaishinda Misri, na ukoo wake ukaitawala kwa jina la nasaba ya 25. Waashuri ndio waliowaondoa, wakati wa Taharqa na mrithi wake. Mwaka 593 K.K. jeshi la Farao Psamtik wa Pili liliivamia Kushi yenyewe, na baadaye kitovu cha dola kikahamia kusini zaidi, Meroe.

Uhamisho huo haukuwa hasara. Huko mvua zilitosha kwa mtama na malisho ya ng'ombe, na miti ilikuwapo ya kuchomea makaa ya kuyeyushia chuma. Vilima vya mavi ya chuma vyaonekana Meroe hadi leo. Hapo palitawala pia wanawake wenye cheo cha Kandake, jina wanalolijua wasomaji wa Matendo ya Mitume. Mnamo mwaka 25 K.K. majeshi ya Kushi yalishambulia Aswan, iliyokuwa mikononi mwa Warumi. Warumi walilipiza kisasi hadi Napata, lakini hatimaye wakakubali mapatano. Mwaka 1910 wachimbaji walikifukua Meroe kichwa cha shaba cha sanamu ya Kaisari Augusto, kilichofukiwa mlangoni mwa hekalu ili kila aingiaye akikanyage.

Jambo kubwa zaidi, hata hivyo, ni maandishi. Kwa muda mrefu Wakushi waliandika kwa lugha ya Misri. Kufikia karne ya pili K.K. walikuwa wamejiundia mwandiko wao wenyewe, wenye alama 23 za sauti, badala ya mamia ya alama za Kimisri. Mnamo mwaka 1911 Francis Llewellyn Griffith alifaulu kuzitambua sauti za alama hizo. Tangu hapo twaweza kuyatamka maandishi ya Meroe, lakini maana ya sehemu kubwa yamefichika. Yajulikanayo ni maneno machache, kama vile *qore*, yaani mfalme, na *ato*, yaani maji.

Pengo hilo lilikuwa na madhara yake. Palipokosekana sauti ya wenyeji, wageni walisema kwa niaba yao. George Reisner, mchimbaji mashuhuri wa mwanzo wa karne ya 20, aliidhania Kerma kuwa kituo cha magavana wa Kimisri, na wafalme wa Napata kuwa wenye asili ya Libya. Hakuweza kuamini kwamba Waafrika weusi walijijengea dola. Uchimbaji wa Charles Bonnet huko Kerma, ulioanza katika miaka ya 1970, ulidhihirisha kwamba mji ule ulikuwa wa Wakushi wenyewe.

Isimu nayo imetoa ushahidi wake. Claude Rilly amelinganisha maneno ya Kimeroe na lugha zilizo hai, kama Kinubi cha bonde la Nile na Kinara cha Eritrea, akahitimisha kwamba Kimeroe ni cha tawi la kaskazini la jamii ya Sudani ya Mashariki. Wataalamu wengi huziweka katika jamii hiyo hiyo lugha za Kijaluo, Kimaasai na Kikalenjin. Basi Meroe, iliyoanguka katika karne ya nne B.K., si ngeni kabisa kwetu.

Ni dhahiri kwamba kuwa na mwandiko hakutoshi kuihifadhi lugha. Yahitaji wasemaji na watafiti. Kila kamusi ya lugha ndogo ya Sudan au Eritrea iandikwayo leo huenda ikawa ufunguo wa jiwe la Meroe. Lugha hizo zikifa kabla ya kuchunguzwa, tutakuwa tumezika mashahidi wa mwisho wa dola hiyo.