Homoni za Utumbo na Saratani: Tulikotoka

Mama, huenda umesikia homoni zikitajwa kliniki, mkizungumza juu ya upangaji uzazi. Je, wajua kwamba utumbo nao hutoa homoni, na kwamba baadhi zinahusishwa na saratani?

Mwaka wa 1902, jijini London, Bayliss na Starling walikata neva za kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi humo. Kongosho likatoa maji yake hata hivyo! Ujumbe ulikuwa umepitia kwenye damu. Mjumbe huyo wakamwita sekretini. Mwaka wa 1905 Edkins akaeleza mwingine, gastrini, anayeamsha tumbo kutoa asidi.

Baadaye ilijulikana kwamba gastrini pia huhimiza chembechembe za tumbo kuongezeka. Kabla haijakamilika huitwa progastrini. Miaka ya 1990 watafiti walichunguza panya wenye progastrini nyingi kupita kiasi. Chembechembe za utumbo wao mpana ziligawanyika upesi, na walipopewa kemikali ya kuleta saratani, uvimbe ulizidi. Saratani nyingi za utumbo wa binadamu nazo hutengeneza progastrini. Ni kama mbolea shambani: haipandi magugu, lakini huyastawisha.

Sisi tunahusikaje? Daktari Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka wa 1946, aliona saratani hii ni nadra huku kwetu. Mwaka wa 1971 aliandika kwamba huenda kinga ni chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Leo twajua bakteria wa utumbo huchachusha nyuzinyuzi hizo, zikalisha utumbo na kuamsha homoni za shibe.

Lakini mambo yamebadilika. Saratani hii inaongezeka Kenya, hata kwa walio chini ya miaka 40. Kwa hiyo mama, usiache githeri, maharagwe, managu, saga na ugali wa wimbi. Punguza nyama nyekundu, pombe na sigara.

Ukiona damu kwenye choo, choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, au mtu akikonda na kuishiwa damu bila sababu, usiseme ni bawasiri tu. Usione haya. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, utatumwa hospitali ya rufaa, kama ile ya Moi hapa Eldoret, iliyoanza mwaka wa 1917. Ikigunduliwa mapema, saratani hii hutibika.

Mwambie na jirani. Kwaheri kwa sasa.