Jumba la Knole na Warithi Wake

Wasikilizaji, usiku huu nataka kuwasimulia habari za jumba moja liitwalo Knole, lililoko Kent, kusini-mashariki ya Uingereza. Wenyeji husema lina vyumba 365, hesabu ya siku za mwaka. Nami naona hiyo ni hesabu ya masimulizi. Ukoo wa Sackville ulilimiliki tangu mwanzo wa karne ya 17.

Makabaila wa Kiingereza hawakupenda milki zao zigawanywe. Waliona kwamba shamba likikatwa vipande kwa watoto, na watoto wakawakatia wana wao, baada ya vizazi vichache hapana kabaila tena, wapo wakulima tu. Kwa hiyo milki ilimwendea nzima mwana mume mkubwa. Asipokuwapo mwana mume, mara nyingi ilivuka mabinti ikamfikia ndugu wa marehemu, au mwana wa nduguye. Sisi tuliozoea mirathi ya mafungu, ambamo binti naye ana fungu lake, hatuna budi kustaajabu.

Basi Lodi Lionel Sackville alikaa na mchezaji ngoma wa Kihispania, jina lake Pepita, akazaa naye watoto, miongoni mwao Victoria na Henry. Victoria aliolewa mwaka 1890 na mwana wa ami yake, aliyeitwa Lionel vile vile. Mzee alipofariki mwaka 1908, Henry akasimama akadai kwamba wazazi wake walioana kwa halali, na Knole ni yake. Shauri likasikizwa London mwaka 1910.

Tazameni taabu ya Victoria. Ikithibitika kwamba mama yake alikuwa mke wa halali, nduguye atatwaa kila kitu. Ikithibitika kwamba hakuwa mke, mumewe Victoria ndiye mrithi, naye atabaki bibi wa nyumba, lakini atakuwa ametangazwa mbele ya watu wote kuwa mwana wa nje ya ndoa. Ikafufuliwa habari ya Pepita kuolewa Madrid mwaka 1851 na mume mwingine, na madai ya Henry yakatupwa. Victoria akashinda kwa aibu ya mama yake mzazi. Waliporudi nyumbani, watu wa Sevenoaks waliwafungua farasi, wakalikokota gari lao kwa mikono, kwa furaha.

Binti wa pekee wa Victoria, Vita, alikuwa na miaka 17 wakati huo. Alizaliwa Knole, akaipenda mno, hata akaandika kitabu cha historia yake mwaka 1922. Lakini alikuwa mwanamke. Baba yake alipofariki mwaka 1928, jumba na cheo vikamwendea ami yake, Charles. Ile kanuni iliyompatia mama, ndiyo iliyomnyang'anya mwana. Mwaka 1930 Vita na mumewe wakanunua magofu ya Sissinghurst, akapanda bustani humo.

Charles naye alilemewa na gharama. Mwaka 1946 alilikabidhi jumba kwa National Trust, chama kinachohifadhi majengo ya kale kwa ajili ya taifa, na jamaa zake wakabaki kukaa katika sehemu yake tu. Vita alikuwa hai bado, akipalilia bustani yake katika Kent ile ile.