Vita vya Kagera: Sheria na maadili vilipopishana

VITA vya Kagera hutajwa mara kwa mara na wanazuoni wa sheria za kimataifa wanapojadili uhusiano wa sheria na maadili. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978. Aprili 11, 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliiteka Kampala.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa unairuhusu nchi kujilinda, si kuung'oa utawala wa jirani, hata uwe katili. Kwa sababu hiyo Tanzania ilisimamia hoja ya kujilinda, lakini ikalaumiwa na baadhi ya viongozi wa OAU mjini Monrovia, Julai 1979.

Mwaka 2000, mkataba ulioanzisha Umoja wa Afrika uliupa Umoja huo, si nchi mojamoja, haki ya kuingilia kati mauaji ya kimbari.